Kitabu Kilichosalia na Msomaji Aliyepotea: Hatima ya Sanaa katika Riwaya za Kirusi za Baada ya Maangamizi



Nianze na tatizo la istilahi, maana ndilo lililonisumbua kwanza nilipokuwa nikiitayarisha mada hii. Wahakiki wa Ulaya na Marekani wanalo neno moja la kuzitambulisha kazi za kubuni zinazosimulia maisha ya watu wachache waliosalia baada ya ulimwengu wao kuteketea kwa vita, kwa maradhi au kwa sumu. Neno hilo limejengwa juu ya neno la Kiyunani lenye maana ya kufunuliwa kwa jambo lililofichika. Mfasiri wa Kiswahili huvutwa mara moja kusema "fasihi ya baada ya kiama". Lakini kiama, kama tulivyolipokea neno hilo kutoka Kiarabu, ni siku ya kusimamishwa wafu na kuhukumiwa. Baada yake hapana kijiji, hapana soko, wala hapana mtu wa kuketi kitako akanakili shairi. Kwa sababu hiyo nimeamua kusema "baada ya maangamizi", ingawa najua istilahi hii nayo ina upungufu wake. Mjadala huu si wa maneno matupu. Riwaya nitakazozizungumzia zinauliza swali la namna hiyohiyo: je, kilichosalia baada ya mwisho kinastahili kuitwa kwa jina lake la awali? Ukikiokoa kitabu kutoka motoni, umeokoa nini hasa?

Nitazijadili kazi za waandishi wawili. Wa kwanza ni Tatyana Tolstaya, mjukuu wa mwandishi Aleksey Tolstoy, ambaye riwaya yake *Kys* alianza kuiandika mwaka 1986, mwaka wa ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, na kuichapisha mwaka 2000. Wa pili ni Dmitry Glukhovsky, aliyeiweka riwaya yake *Metro 2033* kwenye intaneti mwaka 2002 kabla haijatoka kwa chapa mwaka 2005, na kuifuatishia *Metro 2034* mwaka 2009. Kwa fani, kazi hizi hazifanani hata kidogo. Ya Tolstaya ni tashtiti iliyojaa mchezo wa lugha, na ya Glukhovsky ni riwaya pendwa ya safari na hatari. Ninaziweka pamoja kwa kuwa zote mbili zimeweka vitabu katikati ya uharibifu, na hili si la bahati nasibu.

Kwa nini vitabu? Mwandishi wa taifa jingine angeweza kuhangaikia kwanza mbegu, maji au silaha. Jibu limo katika historia ya Warusi wenyewe. Katika karne ya ishirini walipata uzoefu mrefu wa kuiokoa fasihi kwa njia zisizo za kawaida. Mshairi Anna Akhmatova aliyatunga mashairi yake ya *Rekviem* wakati wa ukandamizaji wa Stalin, akawa anayaandika kwenye kipande cha karatasi, anamwonyesha rafiki anayeaminika ili ayahifadhi moyoni, kisha anaichoma karatasi papo hapo. Utungo huo ulichapishwa Munich mwaka 1963, na nchini mwake haukuchapishwa hadi mwaka 1987. Nadezhda Mandelstam alizibeba kichwani tungo za marehemu mumewe, Osip, kwa miaka mingi. Baadaye, tangu enzi ya Khrushchev, ilienea desturi ya kunakili vitabu vilivyopigwa marufuku kwa taipureta, nakala kadhaa kwa mpigo kwa kutumia karatasi ya kaboni, kisha kuvipitisha mkono kwa mkono. Jamii yenye kumbukumbu ya namna hiyo inapowaza mwisho wa dunia, si ajabu kwamba inamwaza kwanza mnakili.

Ndiye huyo tunayemkuta katika *Kys*. Jina lake ni Benedikt, naye anaishi katika mji uliopewa jina la mtawala wake, Fyodor Kuzmich. Mji huo ndio uliokuwa Moscow, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, kabla ya tukio linaloitwa tu Mlipuko. Watu huzaliwa na vilema vinavyoitwa Athari: mwingine ana mkia, mwingine ana vishungi vya jogoo mwili mzima. Panya ndio chakula chao, na panya ndio fedha yao. Kila siku Benedikt huenda kazini kunakili kwenye magome ya mti wa bechi tungo zinazosemekana kuwa za Fyodor Kuzmich, ambazo baadaye huuzwa sokoni kwa panya. Msomaji anatambua upesi jambo asilolijua Benedikt, kwamba mtawala hakutunga hata mstari mmoja. Tungo zote ni za Pushkin, za Blok, za Mandelstam na wengineo, zilizoibwa kutoka katika vitabu vya kale.

Gome la bechi halikuchaguliwa ovyo. Mwaka 1951 wanaakiolojia waliokuwa wakichimbua katika mji wa Novgorod waligundua barua ya kwanza iliyochorwa kwenye gome la mti huo, na tangu hapo zimepatikana zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa za karne ya 11 hadi ya 15. Zimo barua za madeni, za posa, za ugomvi wa majirani, na hata mazoezi ya mtoto aliyeitwa Onfim, wa karne ya 13, aliyechoka kuandika herufi akajichora yeye mwenyewe juu ya farasi. Kwa Mrusi aliyesoma, gome la bechi ni ushahidi kwamba mababu zake walijua kusoma. Tolstaya analigeuza ushahidi wa wajukuu waliosahau. Chombo ni kilekile, lakini historia inatembea kinyumenyume.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika mazungumzo ya ofisini. Mnakili mwenzake Benedikt, Varvara Lukinishna, anayezipenda tungo kwa dhati, anamwuliza maana ya neno linalotokea mara kwa mara katika mashairi, neno la Kirusi la farasi. Benedikt anafikiri kidogo, kisha anajibu kuwa bila shaka huyo ni panya. Katika mji ule farasi hawapo tena. Magari huvutwa na watu waliogeuka kuwa nusu wanyama. Msomaji hucheka hapa, na inafaa acheke, lakini atazame vizuri nini kimetokea. Shairi limesalia zima. Vina vyake havikupungua, mizani haikuvunjika, mnakili amenakili kwa uaminifu herufi kwa herufi, na mbele yake yupo msikilizaji mwenye kiu. Kilichopotea ni farasi, na pamoja naye watu waliomjua.

Naomba niwakumbushe wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili kwamba jambo hili si geni kwetu. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki katikati ya karne ya 19, zilitufikia kwa sababu W. E. Taylor alimpata Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezijua, akaziandika, akaeleza maneno na matukio yaliyokuwa yamekwisha kuwatoka wengi. Hichens alipozichapisha mwaka 1940, alichapisha pia, kwa namna fulani, kumbukumbu ya Mwalimu Sikujua. Iondoe kumbukumbu ile, halafu mpe mwanafunzi wa leo ubeti wenye fumbo kuhusu vita vya Mombasa na Lamu. Hatajibu kwamba ni panya, lakini hatakuwa mbali sana na Benedikt.

Turudi kwenye riwaya. Vitabu vya kale vilivyochapwa kabla ya Mlipuko vimepigwa marufuku kwa kisingizio kwamba vina sumu ya mionzi na huambukiza ugonjwa. Anayepatikana navyo huchukuliwa na kikosi cha watu waliovaa kofia nyekundu zenye kufunika uso, wenye kulabu mikononi, kwa madai ya kwenda kutibiwa, na harudi. Kwa Kirusi wanaitwa kwa neno la watumishi wa hospitali. Mimi nawaita Mabwana Afya, jina ambalo wazee wetu walilitumia kwa maofisa waliopita nyumba kwa nyumba wakikagua vyoo na visima, kwani kinachotisha katika jina la asili ni upole wake. Benedikt anamwoa Olenka, binti wa mkuu wa kikosi hicho, na katika nyumba ya wakwe anafunguliwa chumba chenye maelfu ya vitabu. Yule aliyenakili maisha yake yote sasa anaruhusiwa kusoma. Anasoma mchana na usiku. Anavipanga vitabu kwa utaratibu wake mwenyewe: vyenye majina ya rangi huwekwa pamoja, waandishi wenye majina yanayokaribiana kwa sauti au kwa maana huwekwa pamoja, riwaya tukufu ikakaa ubavuni mwa kijitabu cha ufundi. Kurasa hizi ni orodha ndefu ya kuchekesha, na mhakiki mwenye haraka huziruka. Nadhani hukosea. Orodha ile ndiyo picha ya akili isiyo na mapokeo, ambayo kwake maneno yana umbo na sauti lakini hayana ukoo.

Vitabu vinakwisha. Hapo ndipo Tolstaya anapoachana na imani iliyozoeleka kwamba kusoma humfanya mtu kuwa mwema. Akiwa na njaa ya kurasa mpya, Benedikt anavaa kofia nyekundu na kushika kulabu. Katika msako mmoja anamwua mtu. Anajuta kidogo, kisha anaendelea. Mwishowe anamsaidia mkwewe kumpindua na kumwua Fyodor Kuzmich, na kilichomvuta si cheo bali tamaa ya vitabu vya ikulu. Mapenzi yake kwa fasihi ni ya kweli. Mwandishi hatupi nafasi ya kuyatilia shaka. Ni mapenzi yaleyale yanayomfanya muuaji. Mkwewe anamwambia mwishoni kwamba yeye mwenyewe ndiye *kys*, yule kiumbe asiyeonekana wa misitu ya kaskazini ambaye tangu utotoni wameambiwa humrukia mtu shingoni, akamkata mshipa mkuu, na akili yote ikamtoka.

Yupo upande wa pili mzee Nikita Ivanovich, mmoja wa Watu wa Zamani waliokuwapo wakati wa Mlipuko na ambao hawazeeki. Kazi yake rasmi ni kuwasha moto, kwani Athari yake ni kutoa ndimi za moto kinywani. Kazi aliyojipa ni kusimamisha nguzo mjini na kuandika juu yake majina ya mitaa ya Moscow ya kale. Majirani hawaelewi, huona kuni zinazopotea bure. Anamshawishi Benedikt amchongee Pushkin kutoka katika gogo, na sanamu hiyo inatoka na vidole sita katika mkono mmoja, cha ziada kikiachwa ili baadaye waamue kipi kikatwe. Kisha watu wanaifunga sanamu kamba shingoni na kuanika nguo za ndani. Sioni dharau katika sehemu hii. Kamba ya nguo ni dalili kwamba sanamu imo katika maisha ya watu, hata kama imo vibaya, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya maktaba ya mkwe. Nikita Ivanovich ndiye anayemwambia Benedikt ukweli unaomchoma: kwamba hajui kusoma, maana hajajifunza alfabeti ya maisha. Kijana anaudhika, kwa kuwa anaona alfabeti anaijua. Sura za riwaya nzima, ikumbukwe, zimepewa majina ya herufi za kale za Kirusi, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Sisi tunaosoma tunapita shule ambayo shujaa hakupita.

Wapo wanaoihakiki riwaya hii kuwa inawabeza watu wa kawaida kwa jicho la tabaka la wasomi. Hoja hiyo ina uzito kiasi, lakini inasahau jinsi wasomi wenyewe wanavyochekwa. Katika mazishi ya mmoja wao, Watu wa Zamani wanakusanyika kwa taadhima kuuenzi urithi uliobaki, na urithi wenyewe ni karatasi ya maelekezo ya mashine ya kusagia nyama. Mashine haipo. Nyama haipo. Hotuba zipo.

Ninapofika kwa Glukhovsky nitakuwa mwepesi zaidi, kwa kuwa kazi yake haina kina cha lugha cha *Kys*, ingawa imesomwa na watu wengi zaidi. Vita vya nyuklia vimeiteketeza dunia, na miaka 20 baadaye masalio ya wakazi wa Moscow wanaishi katika stesheni za treni za chini ya ardhi. Kila stesheni ni dola: ipo ya wafanyabiashara, ipo ya wakomunisti, ipo ya mafashisti. Risasi ndizo fedha. Kijana Artyom anatumwa kutoka stesheni ya VDNKh kupeleka habari Polis, muungano wa stesheni nne zilizo chini ya Maktaba ya Taifa ya Urusi, ile ambayo wenyeji bado huiita kwa jina la Lenin. Huko jamii imegawanyika kwa matabaka yaliyoazimwa majina kutoka India, na juu yapo matabaka ya Wabrahmani wanaotunza maarifa na Wakshatriya wanaoshika silaha. Maktaba yenyewe iko juu ya ardhi, gizani, na imemilikiwa na viumbe wa kutisha wanaoitwa Wakutubi. Nimewahi kuwasimulia wakutubi wetu habari hii, nao hawakufurahi.

Wabrahmani wanamtuma Artyom akatafute Kitabu kimoja kinachosemekana kuwa na habari zote za yaliyopita na yajayo. Hakipati. Mwenzake Daniel, Mbrahmani aliyefuatana naye, anauawa humo maktabani, lakini kabla hajafa anampa Artyom bahasha iliyokusudiwa kuwa ujira wa safari. Bahasha hiyo ina siri ya mahali palipo makombora ambayo bado yanafanya kazi. Sijui kama mwandishi alilipanga tukio hili kwa makusudi yote ninayoyaona, ila ndilo kiini cha riwaya: walikwenda maktaba kutafuta hekima, wakarudi na ramani ya silaha. Makombora hayo ndiyo yanayotumiwa mwishoni kuwaangamiza viumbe wapya wanaoitwa Weusi, jina ambalo msomaji wa Kiafrika halipiti bila kukunja uso. Artyom, akiwa juu ya mnara wa Ostankino, anatambua kwamba walikuwa wakijaribu kusema naye. Amechelewa. Wabrahmani wanahifadhi vitabu vingi kuliko watu wote waliobaki, na hakuna kati ya vitabu hivyo kilichomfundisha yeyote kusikiliza lugha ya mgeni.

*Metro 2034* inabadilisha swali. Mhusika wake mzee amejipa jina la Homer, na hataki kuokoa kitabu cha kale bali kuandika kipya. Anasikiliza visa vya mapangoni, anatafuta shujaa, na anaogopa kwamba watu wa chini ya ardhi watakufa bila kuacha habari yao. Simulizi ya riwaya hii ina legelege nyingi, lakini wazo lake lina thamani. Mzee huyu ndiye pekee, miongoni mwa wahusika wote niliowataja, anayeamini kwamba maisha ya baada ya maangamizi yanastahili fasihi yake yenyewe. Hata jina alilojipa linamfungamanisha na mapokeo ya masimulizi ya mdomo. Na yaliyotokea nje ya riwaya yanafanana na matumaini yake. Tangu mwaka 2009 waandishi wengine wamekuwa wakiongeza vitabu vyao katika ulimwengu uleule, kama wasimulizi wanaopokezana ngano. Glukhovsky mwenyewe, kwa sababu ya kuipinga vita ya Ukraine, alitangazwa na serikali ya Urusi kuwa "wakala wa kigeni" mwaka 2022, na mwaka 2023 mahakama ya Moscow ikamhukumu kifungo cha miaka 8 akiwa hayupo nchini.

Wanafunzi wataniuliza juu ya Kezilahabi, na wana haki. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) zinamtembeza msimulizi katika mahame, na kurasa zake zina mwangwi wa vitabu vingi vya dunia. Tofauti ninayoiona ni kwamba Kezilahabi hana simanzi ya maktaba iliyoungua. Kwake yeye mrundiko wa maandiko ya kale ni sehemu ya msukosuko wenyewe, na kuanza upya kunadai kuutua mzigo huo. Tolstaya asingekubali. Ubishi kati yao ungefaa tasnifu nzima, na nitafurahi kuisimamia.

Kwa upande wetu, miswada mingi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu imehifadhiwa SOAS mjini London na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sehemu yake imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Kazi hiyo ni njema na gharama yake si ndogo. Kila ninapozifungua picha hizo darasani huwauliza wanafunzi ni nani anaweza kunisomea mstari wa kwanza. Mara nyingi mkono mmoja huinuka, mara nyingine hakuna. Na yule anayeweza kuzitamka herufi, nikimwuliza neno fulani lina maana gani, hutazama juu, kama Benedikt alivyofanya alipoulizwa habari ya farasi.

Riwaya ya *Kys* inamalizika kwa moto. Nikita Ivanovich anafungwa kwenye sanamu ya Pushkin ili achomwe, naye anapumua kwa nguvu zake zote. Mji unateketea, na vitabu vyote pamoja nao. Katika majivu, Benedikt anamwona mzee akitokea mzima pamoja na mwenzake Lev Lvovich, wote wawili wakianza kupaa angani. Anawauliza kama wamekufa au hawakufa. Wanamwachia aelewe atakavyo, nao wanazidi kwenda juu.